Povu Tulifundishwa

Ingia duka lolote hapa Shirere uulize sabuni nzuri ya vyombo. Mwenye duka hatakuuliza unaosha nini, wala maji yako ni ya mfereji au ya mvua. Atakuambia tu, "Chukua hii, iko na povu." Hapo mjadala umeisha. Anayekupimia sabuni ya maji kwa chupa ya soda huitikisa kwanza uone yenyewe, nawe unatoa pesa. Povu jingi, sabuni kali. Povu kidogo, umeuziwa maji.

Mimi nilisoma historia chuoni, lakini kinachonilisha ni kutengeneza friji, mashine za kufua na kitu kingine chochote chenye mota. Kazi hizi mbili hazikutani mara nyingi. Zilikutana mwaka jana jikoni mwa hoteli moja ndogo ya ugali, chapati na kuku wa kienyeji. Mama mwenye hoteli alikuwa ametumiwa na bintiye mashine ya kuoshea vyombo, mtumba kutoka Uingereza. Ilikuwa inanguruma vizuri, inamwaga maji vizuri, lakini sahani zilitoka na unga mweupe. Glasi zilikuwa na ukungu. Mteja mmoja alirudisha chai akisema ina ladha ya sabuni, na kusema kweli, ilikuwa nayo.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo halikutajwa kwenye simu. Dada aliyekuwa akiosha vyombo pale kwa miaka minane alipunguziwa siku mashine ilipofika, kutoka sita hadi tatu. Sasa kwa kuwa mashine inaacha sabuni, alikuwa anaitwa kila siku kusuuza upya kwa mkono, kwa malipo ya zile siku tatu. Mashine iliyoletwa kupunguza kazi ilikuwa imepunguza mshahara peke yake.

Nilipofungua mlango wa ile mashine, povu lilinitoka miguuni. Ndani ya kile kikombe cha sabuni mlikuwa na sabuni ya maji ya kupima, ile ya kijani. Ningeweza kusema, "Msitumie hii," nikachukua ada yangu nikaondoka. Lakini swali la mama mwenye hoteli lilinikalia kichwani: "Fundi, kama haitoi povu, itang'arishaje?" Hilo ni swali la historia. Na jibu lake linaanza mbali kidogo.

Linaanza kwenye majivu. Neno alkali, lile tulilolikariri kwenye kemia, limetoka kwa Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni majivu ya mimea. Hata potasi, kwa Kiholanzi cha zamani, ilikuwa tu majivu ya chunguni. Hapa magharibi mwa Kenya hatukuhitaji neno la mtu. Mama zetu walichoma matete, maganda ya ndizi au makapi ya maharagwe, wakaweka majivu kwenye chombo chenye matundu, wakamwagia maji, na yale maji yaliyochujika ndiyo munyu musherekha unaolainisha mrenda na kunde. Majivu yenyewe yalisugua sufuria.

Sasa, mafuta yakikutana na alkali na joto hugeuka sabuni. Kwa hiyo nyanya aliyesugua sufuria ya mafuta kwa majivu na maji ya moto alikuwa anatengeneza sabuni kidogo pale pale chunguni. Haikuwa na povu la maana. Sufuria iling'aa. Sisemi turudi huko. Majivu hukwaruza, maji yake huchoma ngozi, na mikono iliyopasuka ilikuwa ya wanawake kila mara. Ninachosema ni kwamba kabla ya tangazo la kwanza la sabuni kufika hapa, watu walijua kutofautisha chombo safi na chombo chafu, na hawakutumia povu kama kipimo. Walikitazama, wakakigusa, wakakinusa.

Povu lilikuja na biashara. Mwaka 1884 Mwingereza William Lever alianza kuuza sabuni aliyoiita Sunlight. Kabla yake, sabuni ilikuwa mche mrefu usio na jina, unakatiwa kipande dukani. Lever alikata vipande mapema, akavifunga kwa karatasi, akavipa jina na kuvitangaza kila mahali. Aliongeza pia mafuta ya mimea kwenye mchanganyiko wake, na sabuni ikatoa povu kwa wepesi. Mnunuzi asiyeweza kuona alkali wala mafuta sasa alikuwa na kitu cha kuona.

Mafuta hayo yalipaswa kutoka mahali. Shika mwaka 1911. Mwaka huo kampuni ya Lever ilipewa na serikali ya Ubelgiji haki ya kuvuna mawese kwenye maeneo makubwa ya Kongo, na kituo chake kikuu kikaitwa Leverville, ambako leo ni Lusanga. Wanahistoria wameandika kwa kirefu jinsi watu walivyolazimishwa kupanda michikichi na kukata matunda yake. Mwaka huo huo wa 1911, huku kwetu, Wamasai walitiwa sahihi mkataba wa pili wa kuhamishwa, safari hii kutoka Laikipia kwenda kusini. Na mwaka huo huo kampuni ya Magadi Soda iliundwa ili kuchimba magadi ya ziwa lililo katika nchi ya Wamasai. Reli ya tawi ikajengwa kutoka Konza hadi ziwani. Magadi ni alkali, ndugu wa majivu, tofauti ni kwamba haya yamelala ziwani kama barafu yakisubiri sururu.

Yaani sabuni ina nusu mbili, mafuta na alkali, na katika mwaka mmoja Afrika ilitiwa mkono kwenye zote mbili. Kisha sabuni ikaturudia dukani ikiwa imefungwa kwa karatasi.

Ikaturudia na somo pia. Mwanahistoria Timothy Burke aliandika kitabu mwaka 1996, *Lifebuoy Men, Lux Women*, kuhusu sabuni na vipodozi nchini Zimbabwe, na jinsi biashara na ukoloni vilivyosaidiana kumfundisha Mwafrika kuutazama mwili wake kama kitu kichafu kinachongoja kununuliwa dawa. Kenya tulikuwa na darasa letu. East Africa Industries ya Nairobi, iliyokuja kuitwa Unilever Kenya mwaka 2000, ilituletea Omo, na waliolelewa na televisheni ya KBC wanakumbuka tangazo la sabuni lilivyo: karai, mama anatabasamu, na povu linapanda kama mkate. Hakuna aliyewahi kutuonyesha maji ya kusuuzia.

Tukichanganya sabuni ya unga na sabuni ya mche ni makosa ya kikemia, ingawa jikoni zote ni "sabuni". Kuanzia miaka ya 1940 na 1950 viwanda viligundua jinsi ya kutengeneza kisafishaji bila mafuta ya mimea, kwa kemikali zitokanazo na petroli. Kilikuwa na faida kubwa: sabuni ya kawaida ikikutana na maji yenye chokaa huganda na kuacha utando wa kijivu, lakini hiki kipya hakigandi. Na kilitoa povu, mazee, povu ambalo halikujua kufa. Ujerumani mito ilifunikwa na povu hadi serikali ikapitisha sheria mwaka 1961 ya kulazimisha viwanda kutumia kemikali zinazooza. Wazungu wakaliogopa povu mtoni, wakaendelea kulipenda kwenye karai.

Hapa kwetu lilibadilika kuwa riziki. Ukienda maduka ya kemikali Kakamega mjini utauziwa Ufacid, Ungerol, magadi, rangi na manukato, na mtu atakuchorea utaratibu kwenye karatasi. Vikundi vya akina mama na vijana wasio na ajira wanakoroga sabuni ya maji kwenye ndoo na kuiuza kwa mitungi ya lita 20. Ni kazi ya heshima. Lakini muulize yeyote anayekoroga, atakuambia siri mbili. Uzito wa sabuni unatoka kwa chumvi: ukitia chumvi kidogo kidogo Ungerol inashikana, mteja anaona nzito, anasema kali. Na povu linatoka kwa Ungerol yenyewe, kwa hiyo likipungua, mteja hatarudi, hata kama vyombo vilitakata. Soko limefundishwa kupima uzito na povu. Mkorogaji anauza kilichofundishwa.

Kwenye karai povu halina shida kubwa. Linakuonyesha sabuni bado ipo, na mkono wako unasuuza mpaka utelezi uishe. Mashine haina mkono. Na hapo ndipo inafaa kumjua mwanamke mmoja wa Illinois, Marekani.

Josephine Cochrane alikuwa mke wa tajiri, mwenye vyombo vya kauri vya thamani, na watumishi waliokuwa wakivivunja kingo wakati wa kuosha. Aliudhika. Mumewe alipokufa mwaka 1883 na kumwachia madeni, maudhi yakawa mradi. Mashine yake ilipewa hataza tarehe 28 Desemba 1886. Waliomtangulia walijaribu kusugua kwa brashi. Yeye alipanga sahani kwenye fremu za waya na kuzirushia maji ya moto yenye sabuni kwa nguvu. Mwaka 1893 aliionyesha kwenye maonyesho makubwa ya Chicago, na walioinunua walikuwa hoteli na mikahawa. Nyumba za kawaida zilichelewa miaka mingi, nyingi hazikuwa na maji ya moto ya kutosha.

Wazo lake ndilo lililo ndani ya mashine zote za leo: ni nguvu ya maji inayosugua. Pampu inasukuma maji kwenye mabawa yenye vitundu, mabawa yanazunguka, maji yanapiga sahani. Weka povu hapo uone. Pampu inaanza kusukuma hewa, mabawa yanalegea, maji hayafiki juu, na povu linabaki limekaa kwenye sahani hata baada ya maji ya mwisho. Likikauka, ndiyo ule unga mweupe. Kwa hiyo sabuni ya mashine hutengenezwa isitoe povu kabisa. Kazi yake inafanywa na joto, vimeng'enya na alkali. Na alkali yenyewe mara nyingi ni soda ile ile inayochimbwa Magadi na kwenda kwa reli hadi bandari ya Mombasa. Mwishoni mwa 2005 kampuni ya Tata ya India ilianza kuinunua Brunner Mond ya Uingereza, na Magadi ikiwa ndani yake. Wenye mali wamebadilika, mwendo wa gunia ni ule ule.

Huyo mama mwenye hoteli nilipomwambia sabuni ya mashine haina povu na chanzo chake ni jamaa wa majivu, alicheka mpaka akashika meza. "Sasa mzungu amezunguka dunia nzima akarudi kwa munyu wa nyanya yangu?" Karibu hivyo, mama. Lakini usimwage magadi ya sokoni kwenye mashine. Yana uchafu mwingine, na madini ya floraidi ambayo hutaki kwenye kikombe chako.

Na kwa nini mashine za Cochrane hazikuja huku mapema? Stima na mifereji, ndiyo. Lakini kuna sababu ya aibu zaidi. Wazungu walipofurika Kakamega mwaka 1931 na 1932 kutafuta dhahabu, hawakuwa na haja ya mashine jikoni. Kodi ya kibanda ilikuwa imeshawasukuma wanaume kutafuta pesa, na kipande kilichoning'inizwa shingoni kilihakikisha hawaachi kazi bila ruhusa. Mtu mzima akaitwa "boi", akapewa karai. Mikono ilikuwa rahisi kuliko chuma. Uhuru ulipokuja, tuliobahatika tuliirithi jikoni jinsi ilivyokuwa. Neno lilibadilika, tukasema mboch, tukasema "msichana wa kazi" hata akiwa na wajukuu. Bei ya mikono haikubadilika sana.

Kwa hiyo nilipokuwa nimepiga magoti mbele ya ile mashine, nilijua natengeneza kitu kinachoweza kumfuta mtu kazi. Sikupenda. Na aliyenisaidia kuitengeneza ni yeye mwenyewe.

Mimi nilikuwa tayari kulaumu chokaa, kama fundi yeyote angeanza. Dada akachukua glasi, akailowesha, akapitisha kidole gumba. "Fundi, hii inateleza. Hii ni sabuni. Ya chumvi ya maji huwa inakwaruza." Hicho ndicho kipimo sahihi, na unaweza kukitumia nyumbani. Utando ukiteleza na kutoka kwa maji ya uvuguvugu peke yake, ni sabuni. Ukikataa maji lakini ukakubali limau au siki, ni chokaa. Ukikataa vyote, basi ni glasi yenyewe imeliwa, na hiyo hairudi.

Hoteli ile inatumia maji ya mvua. Kakamega hupata karibu milimita 2000 za mvua kwa mwaka, na maji ya mvua hayana chokaa, ni laini. Maji laini yanahitaji sabuni kidogo sana. Lakini mashine ilitoka Uingereza ikiwa imepangwa kwa maji magumu, na kuna kifaa ndani yake kinachotumia chumvi kulainisha maji ambayo tayari ni laini. Nikakishusha hadi chini kabisa. Tukatoa filta: ilikuwa imefungwa na ukoko wa ugali. Vitundu vya mabawa vilikuwa na punje za wali, tukavizibua kwa kijiti cha meno kimoja kimoja. Tukaendesha mashine tupu kwa maji mara tatu, tukatia siki kwenye ile ya mwisho, hadi maji yakatoka bila kiputo.

Bado presha. Kila mita 10 za kimo cha tangi hukupa bar 1. Tangi lao lilikuwa mita mbili tu juu ya mfereji wa mashine, yaani bar 0.2, na mashine nyingi zinataka kuanzia 0.3 au 0.5. Maji yalikuwa yanaingia kwa kudondoka, hayatoshi kusuuza. Tukaunganisha kwenye tangi la ghorofani. Mwisho, joto: jioni stima inakuwa dhaifu mtaani, maji hayafiki moto wake, na unga wa sabuni hauyeyuki wote. Tukakubaliana mashine iendeshwe asubuhi ya saa nne na alasiri, kabla watu hawajawasha kila kitu. Na sahani zisipangwe mbele ya kikombe cha sabuni, kifuniko chake kinahitaji nafasi ya kufunguka.

Swali la kiasi ndilo liligombaniwa. Pakiti ilisema kijiko kimoja kilichojaa. Dada akaanza na nusu, akaosha, akapitisha kidole. Bado inateleza kidogo. Akapunguza hadi robo tatu ya hiyo nusu. Glasi ikalia chini ya kidole chake, ule mlio unaoujua. Hakuna povu lililoonekana mahali popote, na mama mwenye hoteli alisimama pale akiwa na wasiwasi wa mtu anayetazama kuku akiiva bila moto.

Hicho kijiko kina maana nje ya jikoni pia. Kwa miaka mingi sabuni za mashine zilitegemea fosfeti, ambazo hukamata chokaa na kuacha glasi iking'aa. Shida ni kwamba fosfeti ni mbolea. Ikifika ziwani inalisha mwani, mwani unakufa, unaoza, unamaliza hewa ya samaki. Julai 2010 majimbo kadhaa ya Marekani yaliiwekea kikomo kikali, na watu wakaanza kulalamika kwamba vyombo vinatoka na unga mweupe. Wengi walidhani mashine zao zimekufa. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo chake mwaka 2017. Sisi Mto Isiukhu unapita kando ya mji, unaingia Nzoia, na Nzoia inamwagika Ziwa Victoria. Sabuni ya ziada haiendi "chini". Inaenda Budalang'i, halafu inaenda kwa mvuvi. Mashamba na maji taka yana mzigo mkubwa kuliko hoteli moja ya Shirere, hilo sikatai, lakini kijiko ulichoacha kutia ni kijiko ambacho hakuna mtu atalazimika kukitoa ziwani.

Mambo ya mshahara hayana filta ya kutoa na kusafisha. Nilimwambia mama mwenye hoteli ninachokiamini: kwamba mashine hiyo bila mtu anayejua kipimo itarudi ilikokuwa ndani ya wiki mbili, na kwamba anayejua kipimo yuko pale, na amekuwepo miaka minane. Alinyamaza, akahesabu vidole, akasema, "Siku tano. Sita hapana." Dada akasema tano ni sawa, kama jioni anatoka mapema. Huo si ushindi. Kwa sheria ya kazi na kwa haki, alistahili zaidi ya kubembelezewa na fundi. Lakini miaka minane alikuwa akilipwa kwa mikono yake, na hiyo ndiyo mara ya kwanza analipwa kwa anachokijua.

Ukitaka kujua kama sabuni yako inafanya kazi, zima tangazo lililo kichwani mwako. Suuza sahani, pitisha kidole, sikiliza.